Lori la Wenyewe Watatu

Mkwe wangu hafui nguo ya mtu kabla hajatia mkono mifukoni. Ndiyo sheria ya kwanza ya uwanja wake wa kufulia. Akimkuta msichana wa kazi ametumbukiza ovaroli kwenye beseni bila kuipekua, utamsikia: "Wewe, umeiuliza hiyo spana kama inajua kuogelea?" Mifukoni mwa watu wa visima vya mafuta hutoka kila kitu: funguo, misumari, picha ya mtoto, kipande cha mkate kilichogeuka jiwe. Vyote huviweka kwenye kopo, na kila ovaroli ameishonea uzi wa rangi kwenye kola ili ajue ni ya nani. Madereva wa malori walimpa jina la Mama Sabuni. Mimi nilimpokea alipoolewa na kitinda mimba wangu, na siku zote nimemwita mwanangu tu. Lakini hapa nitamwita Mama Sabuni, maana jina hilo amelichuma kwa mikono yake miwili.

Nyumba yetu iko kando ya barabara inayotoka visimani. Lori la tangi likipita, vikombe kabatini vinasalimiana. Ukitazama mbali, juu ya bomba refu, moto wa gesi unawaka mchana kweupe kama taa ya mtu aliyesahau kuzima. Tumezoea. Mazoea yana taabu, wanasema, na yetu tukaja kuionja.

Huyo kitinda mimba wangu, mume wake, alikuwa mchomeleaji. Alikuwa anarudi kutoka mjini na pikipiki yake, amefunga vijiti vya kuchomelea nyuma ya kiti, alipofika kwenye mteremko wa darajani. Lori la mafuta likashuka nyuma yake. Sitaeleza zaidi ya hapo. Aliyekuja kutuambia alikuwa jirani, na alipotaja jina la dereva, Mama Sabuni aligeuka akatazama kamba ya nguo. Kulikuwa na ovaroli inakauka, yenye uzi wa kijani kwenye kola. Ilikuwa ya dereva huyohuyo.

Madereva wenzake wanamwita Taratibu. Hawakumpa jina hilo kwa kumsifu, walikuwa wanamcheka. Wanasema akiendesha yeye, konokono humpigia honi.

Kampuni ilikuja msibani kabla hata ya ndugu wa mbali. Walileta maturubai, viti, tangi la maji, na bwana mmoja wa viatu vinavyong'aa aliyejitambulisha kuwa ni afisa mahusiano. Mwenye shida hachagui wa kumshika mkono, tukapokea. Siku ya maziko ikabidi mtu atoe shukrani, na kwetu akitafutwa mtu wa kusema, hatafutwi mbali. Yuko mwanangu mkubwa, ambaye watu humwita Bwana Hoja. Hajawahi kufungua kinywa bila kusema "nina hoja", hata akiomba chumvi.

"Nina hoja," akasema. "Familia inaishukuru kampuni. Kazi ya Mungu haina makosa. Hatuna kinyongo na mtu, tumesamehe, yameisha."

Watu wakaitikia amina. Kila msiba maneno ndiyo hayo, yanatoka kama pumzi. Kijana wa kampuni alikuwa ameinua simu anarekodi, na sisi tukaona vizuri tu, tutapata kumbukumbu.

Watu walipokwisha kutawanyika, bwana mahusiano akarudi na bahasha na karatasi. Alitaka sahihi ya mjane. Mama Sabuni alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho yamevimba, kanga imemshuka begani. Nilidhani ataisaini ili aondokewe na mgeni. Akanyoosha mkono akaichukua.

"Kaka yangu, hii nayo ni nguo. Ngoja niipekue mifuko."

Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka akafika mahali palipoandikwa kwamba familia haitakuwa na dai lolote juu ya yeyote, sasa na baadaye.

"Huyu 'yeyote' ni nani?"

"Ah, dada, hiyo ni lugha ya ofisini tu."

"Basi ofisi ikae na lugha yake, na mimi nikae na sahihi yangu."

Bwana mahusiano akacheka kidogo, akatutazama sisi wakubwa akitafuta wa kumsaidia. Bwana Hoja akakohoa. Mimi nikawageukia wajukuu waliokuwa wameegemea mlango.

"Kitendawili."

"Tega!"

"Mdogo kuliko sisimizi, lakini humeza nyumba na walio ndani."

Mjukuu wa kike, mkubwa, hakufikiri hata kidogo. "Sahihi!"

Bwana akaikunja karatasi yake akaondoka, na bahasha akaondoka nayo.

Ningesema yakaishia hapo, lakini shule zilifunguliwa. Huyo mjukuu alirudi siku ya kwanza na kola imechanika, hasemi, hali. Usiku hakutaka kulala kwangu. Asubuhi ndipo alipomfuata mama yake aliyekuwa anapiga pasi. "Mama, ni kweli baba alijipeleka mwenyewe chini ya lori? Wanasema polisi wameandika alikatiza ghafla. Wanasema alikuwa amelewa."

Mtu mwingine angemkumbatia mtoto amwambie siyo, waongo hao. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama Sabuni akasimamisha pasi.

"Kulewa, hapana, baba yako hakuwahi kunywa. Hayo mengine sijui. Nikijua, utajua. Na nikijua, nitahakikisha waliosema wanajua pia."

Toka hapo alitaka jambo moja tu, na sote tukaelewa. Ijulikane ni nani alimuua mume wake, na isemwe na watu wenye kauli.

Bwana Hoja alikuwa na jibu lake tayari: aliyemuua ni Taratibu, na Taratibu yuko rumande, basi aozee huko. Akaiona ile ovaroli kwenye kamba. "Shemeji, hiyo nguo bado iko hapa? Leta kiberiti."

"Ni nguo ya mteja, shemeji."

"Mteja! Mtu kakuua, unamwita mteja?"

"Hakuniua mimi, ndiyo maana bado nafua."

Akaipiga pasi. Nilimwona akiipiga pasi hiyo ovaroli, mikono, mgongo, kola yenye uzi wa kijani, machozi yanadondoka kwenye kitambaa na pasi inayakausha. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko, akafunga kanga. "Mama, tunaenda?" Sikuuliza wapi. Nilivaa viatu.

Kituo cha polisi kina benchi lililokatika mguu, ukikaa lazima mkae wawili. Tukakaa tukalisawazisha. Walipomleta Taratibu, mkono mmoja umefungwa plasta, alipomwona ni nani alitaka kurudi ndani. Askari akamzuia. Akapiga magoti chini.

"Mama Sabuni, nisamehe."

"Inuka. Sijaja kwa hayo, hayo yana siku yake. Nimekuletea nguo yako, imetakata. Na nina swali. Wewe konokono hukupigia honi. Siku ile ulikuwa unakimbilia nini?"

Alilia kama mtoto, kisha akasema. Hakuwa anakimbia. Breki zilikuwa zimeisha. Alikuwa amekwisha mweleza msimamizi wa yadi, mbele ya madereva wenzake, kwamba tela halishiki. Akajibiwa: piga safari hii moja, ukirudi tutatazama, kama hutaki, wanaotaka wamejaa getini. Kwenye mteremko alikanyaga mpaka goti likagonga usukani. Pikipiki ilikuwa upande wake, haikukatiza popote. Polisi waliandika walichoambiwa na mtu wa kampuni, kwani yeye alikuwa hospitali hajitambui.

"Utayasema haya mbele ya watu?"

"Nina watoto, mama. Nikiyasema, hakuna yadi itakayonipa tena usukani."

"Na mimi nina watoto. Wangu wanaambiwa baba yao alijiua." Akamwekea ule mfuko magotini. "Sikulazimishi. Nguo haijalipiwa, usidhani nimesahau."

Mwanamume yule akacheka katikati ya kilio, jambo ambalo sijapata kuliona. Tulipokuwa mlangoni akaita: "Mama Sabuni! Lile lori, wahini. Wakilitengeneza breki, maneno yangu yatakuwa upepo."

Tukatoka pale moja kwa moja kwa mwanasheria. Ofisi yake iko juu ya duka la matairi. Ngazi nyembamba, harufu ya mpira mpaka juu, feni inayozunguka kwa kubembelezwa. Ni kijana mwenye miwani, na sikumtegemea sana, nakiri, maana alionekana kama mtu wa kutumwa dukani. Lakini alisikiliza bila kukatiza, na alipoanza kueleza, alieleza kama anamega chakula cha mtoto, tonge ndogondogo.

"Kuna njia zaidi ya moja, na watu huzichanganya. Kesi ya trafiki ni ya serikali dhidi ya dereva. Ninyi pale ni mashahidi, hamuiongozi. Kesi ya madai ni yenu. Hiyo inaweza kumfuata aliyemtuma dereva, kwani mfanyakazi akikosea akiwa kazini, mwajiri anajibu. Na kama lori lilitoka likijulikana ni bovu, aliyeliruhusu anajibu kwa lake. Kuna bima pia. Na kuna kupatana, ambako si vibaya, mradi mpatane macho yakiwa wazi. Ila sheria ina mlango, na mlango huo haukai wazi milele."

"Lori lenyewe ni la nani?" Mama Sabuni akauliza.

Kijana akavua miwani akaifuta. "Hapo ndipo kazi ilipo. Kichwa ni cha tajiri wa usafirishaji. Tela na tangi amekodi kwa mwingine. Mafuta na ile yadi ni ya kampuni ya visima. Kila mmoja atamsukumia mwenzake."

Sikuweza kujizuia. "Kitendawili," nikasema.

Mwanasheria akanitazama, akatabasamu. "Tega, bibi."

"Nyoka wangu, kichwa cha huyu, mwili wa yule, alichomeza cha mwingine. Akinunuliwa, kila mtu ni wake. Akiuma, hana mwenyewe."

Alicheka mpaka feni ikasimama. "Bibi, nimesoma miaka yote hiyo sikuwahi kufundishwa vizuri namna hiyo. Basi dawa yake ni kuwashtaki wote watatu kwa pamoja, wagombane wao kwa wao mbele ya hakimu. Lakini mambo mawili kwanza. Moja, niombe leo hii zuio, lori lisiguswe mpaka mkaguzi wa magari alipime. Pili, marehemu anahitaji msimamizi wa mirathi. Mahakama inataka mtu mmoja wa kusimama badala yake. Kaeni kikao cha familia, mchague."

Zuio alilipata. Lori lilikuwa bado yadi ya polisi, na gari la kulivuta lilikuwa limeshafungwa mnyororo mbele yake. Mama Sabuni alisimama kati ya hayo magari mawili, ameshika nakala ya ile amri kifuani, mpaka askari alipokuja kuisoma na kuufungua mnyororo. Dereva wa gari la kuvuta alimwambia, "Mama, utapondwa." Akamjibu, "Kwetu tumeshatoa mmoja. Kata injini." Siku ya pili mkaguzi akaingia uvunguni. Alichokikuta kwenye breki za tela kilimfanya aite wenzake waje watazame.

Kikao cha familia tulikaa sebuleni. Bwana Hoja alivaa koti. Kwa desturi ya watu wengi angekuwa yeye, ni kaka mkubwa wa marehemu, na alikuja amejiandaa. Akaanza, "Nina hoja," akaeleza juu ya ukoo, juu ya mwanamume kusimama mahali pa mwanamume, mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, Mama Sabuni akasema kwa upole:

"Shemeji, nakuheshimu, na watoto hawa ni wako. Naomba nikuulize kimoja. Wakikuita ofisini kesho, wakakupa kiti na soda, wakakwambia yaishe, utawajibuje?"

Bwana Hoja alifikiri. Mwanangu ana maneno mengi lakini si mwongo, hilo nilimlea. "Nitawashukuru," akasema polepole. Kisha akalivua lile koti. "Nina hoja. Nampendekeza shemeji."

Tukacheka na machozi juu.

Tulipofungua kesi, mahakama ikatupeleka kwanza kwenye usuluhishi: chumba kidogo, meza ndefu, jagi la maji, na mama mmoja msuluhishi mwenye sauti ya kutuliza ng'ombe. Upande wa pili wenyewe watatu na mawakili wao, wameketi mbalimbali kama watu waliogombania shuka. Wajukuu walikaa nami ukutani. Mama yao ndiye aliyetaka waje.

Wakili wa tajiri wa usafirishaji akaanza kwa kuweka simu mezani. Tukasikia sauti ya Bwana Hoja ikijaza chumba: hatuna kinyongo na mtu, tumesamehe, yameisha. Nikahisi mwanangu amenyauka kando yangu.

"Familia ilikwisha samehe hadharani," wakili akasema. "Leo wanadai nini?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Bwana Hoja alisimama bila kusema ana hoja. "Sauti hiyo ni yangu. Mtu akikusaidia kubeba jeneza, unamwambia asante. Mimi niliwashukuru kwa viti na maji. Breki sikujua, na ningejua ningesema mengine. Nawaomba mbaki na asante zangu za maturubai tu, hizo nyingine mnirudishie."

Hata yule mwenye tela alitabasamu. Mwanasheria wetu akaongeza kwa upole kwamba aliyesema siye msimamizi wa mirathi, na kwamba msamaha wa msibani si hati ya madai. Kisha akaweka taarifa ya mkaguzi mezani, na juu yake maelezo ya Taratibu. Ndiyo, alisema. Alikuwa ameyatoa akiwa ameshapata dhamana, amevaa ile ovaroli iliyopigwa pasi, na madereva wawili wenzake wakamfuata wakasema yaleyale. Kesi yake ya trafiki bado ilikuwa inamngoja, naye alijua, na alisema hivyohivyo. Mtu wa namna hiyo nina la kumlaumu, lakini nina la kumvulia kofia pia.

Hapo nyoka akaanza kujiuma mkia. Mwenye tela akasema yeye alikodisha tu, matengenezo si yake. Mwenye kichwa akasema yadi ndiyo iliyotoa amri ya safari. Wakili wa kampuni ya visima akasema msimamizi wa yadi hakuwa na ruhusa ya kusema alivyosema. Msuluhishi akawaacha, akajimiminia maji, akanywa yote. Walipochoka aliwapeleka chumba kingine, na waliporudi walikuwa na namna ya kugawana mzigo. Watoto watasoma, nyumba itasimama; mengine ya fidia ni ya kwenye jalada na hapa sina haja nayo.

"Sharti moja tu," wakili mmoja akasema. "Tunalipa bila kukiri kosa, na mambo yasizungumzwe nje."

Mwanasheria wetu akamgeukia Mama Sabuni. Alimwambia wazi, sote tukisikia, kwamba watu wengi hukubali sharti la namna hiyo, na kwamba akikataa inaweza kuwa miaka ya kesi na hakuna anayejua hakimu ataamua nini. Ni wake kuchagua. Nilimpenda kijana yule kwa kusema hivyo bila kumsukuma.

Mama Sabuni alitazama mikono yake. Ni mikono iliyoliwa na magadi, kucha fupi, ngozi imefunguka kwenye viungo. Nilijua anahesabu nini: ada, kodi, na majirani ambao wangemwita mpumbavu.

"Nimeelewa," akasema. "Kama hamtaki kukiri, twende kwa hakimu. Nitaendelea kufua, nimezoea kusubiri vitu vikauke. Lakini kama mnataka yaishe leo, basi iandikwe kwamba mume wangu alikuwa upande wake wa barabara, na kwamba tela lilitolewa likijulikana ni bovu. Na nakala iende polisi, ile taarifa ya kwanza irekebishwe. Bila hayo, hapana."

Jagi la maji lilikuwa limebaki tupu. Wenyewe watatu wakatazamana, na kwa mara ya kwanza nikaona wanaogopa kitu kimoja kwa pamoja: ile ripoti ya mkaguzi ikisomwa kwa sauti mbele ya hakimu na watu. Wakanong'ona. Tajiri wa usafirishaji, mzee mnene mwenye kitambaa cha kujifutia jasho, akasema, "Iandikwe."

Ikaandikwa. Mama Sabuni akaipekua, ukurasa kwa ukurasa, nasi tukingoja. Alipofika mwisho hakusaini bado. Aliweka kalamu chini.

"Mzee wangu," akamwambia yule tajiri, kwa heshima, kama anavyomwambia mtu wa rika langu. "Watoto hawa hawajui kusoma maneno ya kisheria. Naomba uwaambie wewe."

Wakili wake akamshika mkono. Mzee akautoa. Akajifuta uso, akawageukia wajukuu wangu pale ukutani.

"Baba yenu hakuwa na kosa," akasema chini kwa chini. "Lori lilikuwa bovu. Sisi tulijua."

Mjukuu wangu wa kike alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama yuko darasani. Mdogo wake alikuwa anatazama feni iliyokuwa darini.

"Samahani, babu," dada yake akasema. "Unaweza kurudia? Mdogo wangu hakusikia."

Mzee alisimama ndipo akarudia.